Magofu sita kwa siku moja na mama mwenye goti bovu: je, tulipie ziara binafsi?

*Swali la msomaji: "Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi wa Agosti, na tangu nikiwa mdogo amekuwa akisema anataka kuyaona magofu ya Gede. Tutatoka Nakuru, tukae Nyali wiki moja. Tutakuwa sita: mama, mimi na mume wangu, wifi yangu, na watoto wawili wa miaka 9 na 13. Kampuni moja imetupangia ziara binafsi ya siku moja: Fort Jesus, Mji wa Kale, Jumba la Mtwana, Mnarani, Gede, kisha Nguzo ya Vasco da Gama kule Malindi. Tunaondoka saa mbili asubuhi, tunarudi saa kumi na mbili jioni. Wanasema kwa kuwa ni ya binafsi, kila kitu kimeshughulikiwa. Bei ni kubwa. Mume wangu anasema tunatupa pesa, kwani magofu ni mawe tu na mabango yapo. Mama ana goti linalomsumbua na anameza dawa za presha. Tulipe? Na nitajuaje kwamba sidanganywi?"*

Dada, kabla hatujagusa bei, hebu tuihesabu ratiba hiyo kwa saa, maana hapo ndipo ilipo shida.

Toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni saa 10. Fort Jesus iko kisiwani Mombasa, kusini mwenu mkiwa Nyali. Gede, mji wa kale wa Waswahili uliohamwa, iko kaskazini, karibu kilomita 100 kutoka Mombasa, na Malindi iko kama kilomita 15 mbele yake. Kwa hiyo gari litawatoa Nyali, livuke daraja kuingia mjini, liwavushe tena daraja lile lile, ndipo lianze safari ya kaskazini kupitia Bamburi na Mtwapa, ambako msongamano hauna ratiba wala adabu. Kwenda Malindi na kurudi, pamoja na kile kipande cha mjini, mtakaa garini saa tano au sita. Toa saa moja ya chakula. Mnabaki na saa tatu, mkibahatika nne, za kugawa kwa vituo sita. Kila kituo kinaambulia nusu saa na kidogo, na humo humo mnashuka, mnalipa kiingilio, watoto wanakwenda msalani, mama anatafuta pa kukanyaga, mnapiga picha, na dereva ameshawasha gari.

Gede peke yake, kwa mtu anayetembea polepole na kuuliza maswali, inataka saa moja na nusu au mbili. Mama amekuwa akiitaja tangu ukiwa mdogo. Kwa ratiba hii ataifikia mchana, amechoka, na ataondoka kabla hajauona msikiti mkuu vizuri.

Sasa hilo neno "binafsi". Watu wengi hulisikia wakadhani limebeba kila kitu: viingilio, chakula, mwongoza watalii, maji ya kunywa. Halibebi. Lina maana moja tu, kwamba hakuna wageni wengine ndani ya gari. Mengine yote ni makubaliano, na makubaliano huandikwa. Kauli ya "kila kitu kimeshughulikiwa" haitakusaidia langoni Gede mkiambiwa viingilio havijalipwa. Na hapo kumbuka kwamba makumbusho na magofu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana viwango tofauti kwa raia, kwa wakazi na kwa wageni wa nje, na watoto wana kiwango chao. Ninyi ni raia. Kama kampuni imepiga hesabu ya viingilio kwa kiwango cha mgeni wa nje, mnalipia tofauti isiyowahusu. Omba wakuandikie kiasi cha viingilio peke yake, kisha ulinganishe na viwango rasmi.

Bei ya ziara ya namna hii huundwa na vitu viwili visivyofanana. Gari, mafuta, dereva na siku ya mwongozaji ni gharama isiyobadilika, muwe wawili au sita. Viingilio na chakula hufuata idadi ya watu. Ndiyo maana ziara binafsi huwaumiza sana watu wawili, lakini kwa sita wanaojaza gari moja tofauti yake na ziara ya kuchangia hupungua, na mara nyingine huwa ndogo kuliko mnavyodhani. Waambie wakutenganishie: gari ni kiasi gani kwa siku, mwongozaji kiasi gani, kila kichwa kiasi gani. Kampuni inayojua kazi yake inazo tarakimu hizo mezani. Ikikupa jumla tu na kukasirika ukiuliza, umeshapata jibu la sehemu ya swali lako la mwisho.

Faida mnayoinunua kwa kulipia gari lenu ni mamlaka juu ya saa. Mnaweza kuondoka mapema, kusimama mama anapotaka kusimama, kukaa Gede mpaka mtosheke, na kufuta kituo bila kumwomba mtu radhi. Ziara ya kuchangia haiwezi kuwapa hilo hata kwa nusu ya bei. Kwa hiyo ukilipia gari la binafsi halafu ukakubali ratiba ya vituo sita iliyofungwa kwa dakika, umelipia uhuru kisha ukaurudisha dukani.

Kwa mume wako nina jibu refu kidogo. Ni kweli, ni mawe. Na mabango yapo. Ila bango hukuambia hapa palikuwa msikiti, hapa jumba, kisha linanyamaza.

Chukua vyumba. Ukiingia nyumba za Gede utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba mno, na mtoto wa miaka 9 atauliza watu walilalaje humo. Sababu ni boriti. Paa lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, limebebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko iliyonyooka na inayoweza kuhimili uzito huo haizidi sana mita mbili na nusu au tatu. Upana wa chumba uliamuliwa mikokoni kabla fundi hajachimba msingi. Ukishaelezwa hivyo huingii tena nyumba ya kale Lamu, Mombasa wala Zanzibar bila kuukadiria upana wake kwa macho.

Au sogeeni ukutani. Sehemu kubwa ya ukuta ni jiwe gumu la matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, lenye matundu, limeshikwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Lakini kwenye kingo za milango na kwenye mihrabu, yaani kile kishubaka cha msikitini kinachoonyesha kibla, jiwe ni jingine, jororo, lenye ncha safi. Hilo lilitolewa baharini likiwa bichi na kuchongwa upesi, kwa sababu likishakauka hugeuka gumu. Kwenye mlango mmoja wa msikiti mkuu, juu kando ya upinde, pamechongwa kichwa cha mkuki. Wageni wengi hupita chini yake wakiwa wanatazama simu.

Nyumba zenyewe zina majina ya ajabu: ya mkasi, ya bakuli la kauri, ya ushanga wa Venisi, ya taa ya chuma. Si majina ya wenyewe waliozijenga. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba hapo kuanzia 1948 hadi 1958, alizipa majina kufuata alichokikuta ndani. Hebu fikiri: kauri ya China na ushanga wa Ulaya, ndani ya mji wenye kuta, kilomita kadhaa kutoka baharini, katikati ya msitu. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399, na kaburi hilo ndilo lililosaidia kukadiria umri wa mengine. Na Wareno walikaa Malindi, hapo jirani, karibu karne nzima, ilhali Gede haitajwi waziwazi katika maandishi yao. Hayo yote hayaonekani kwa macho matupu. Yanahitaji mtu wa kukusimamisha mahali na kukuonyesha kwa kidole.

Kuna dhana moja ambayo hata baadhi ya waongozaji bado wanaiuza, kwamba miji hii ilijengwa na Waarabu waliokuja, wenyeji wakabaki watazamaji. Akiolojia ya miongo kadhaa imeikataa. Miji ya Waswahili ilikua kutoka jamii za Kiafrika za wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wa pwani hii, zilizooana na kufanya biashara na watu wa ng'ambo. Utafiti wa DNA ya mifupa ya kale uliochapishwa 2023, uliohusisha pia mifupa kutoka Mtwapa, ulionyesha asili ya Kiafrika, hasa upande wa akina mama, ikiwa imechanganyika na asili ya Kiasia, hasa ya Uajemi, upande wa akina baba. Watoto wenu wastahili kuisikia habari hiyo iliyo kamili.

Kwa hiyo ndiyo, lipieni mwongozaji. Lakini hakikisheni ni mwongozaji. Hapa ndipo watu wengi huumia bila kujua: kampuni husema "dereva wetu pia ni mwongozaji", na dereva ni mtu mwema, anajua barabara na mahali penye samaki wazuri, ila mkifika langoni anaketi kivulini na kuwaambia atawasubiri. Uliza jina la atakayewaongoza na uliza kama ataingia nanyi ndani. Kenya huwapa leseni waongoza watalii kupitia Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na wengine wana pia ngazi za shaba, fedha au dhahabu za chama chao cha kitaaluma, KPSGA. Nyaraka hizo ni nzuri, ziombe. Ila wengi wenye ngazi hizo wamebobea kwenye wanyama na ndege, na anayewatambua tai wote wa Tsavo huenda asijue mihrabu ya Gede inasema nini.

Mimi hutumia swali moja, na wewe waweza kulitumia kwa simu kabla hujalipa: "Kwa nini mji wa Gede ulihamwa?" Mwongozaji mzuri atakuambia kuna maelezo kadhaa. Visima viliongezwa kina, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka. Kulikuwa na mashambulizi kutoka kaskazini. Kuja kwa Wareno kulivuruga biashara. Huenda yote yalichangia, na mjadala haujafungwa. Mwongozaji mbovu atakupa hadithi moja iliyonyooka kabisa, yenye mzimu ndani yake. Mizimu ya Gede ipo katika masimulizi ya wenyeji na watoto wataipenda, lakini isiwe ndiyo maelezo peke yake.

Kuna njia ya kati ambayo kampuni nyingi hazitakutajia: kodini gari na dereva tu, kisha mchukue mwongozaji wa pale pale Gede. Wapo langoni, wengi ni wenyeji wa eneo hilo, na baadhi yao wanalijua gofu kuliko mtu yeyote atakayetoka Mombasa. Gharama hushuka. Upungufu wake ni kwamba humjui utakayempata, na njiani hamna wa kuwaeleza lolote. Mkichagua hivyo, ombeni kitambulisho, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, na mseme wazi kwamba ni bei ya kundi zima wala si ya kila kichwa. Fort Jesus nako mtapokewa na vijana nje ya lango, kila mmoja akijitambulisha kuwa rasmi. Salamu ni za bure. Mwongozaji mchukueni baada ya kuona kitambulisho.

Kuhusu kudanganywa, pesa na gari ndivyo vya kuangalia. Malipo ya awali yaende kwenye paybill au till yenye jina la kampuni, si kwa namba ya simu ya mtu. M-Pesa hukuonyesha jina, lisome kabla hujabonyeza. Usilipe zote mapema. Kiasi kitakachobaki kilipwe siku ya safari, gari likiwa mbele yenu. Halafu gari lenyewe: liwe na leseni na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Gari la nyumbani lililokodishwa kimya kimya laweza kuwa jipya na safi, lakini likipata ajali bima yake ya kawaida yaweza kukataa kuwafidia, na mtakuwa sita. Kwa kuwa mnakaa Nyali wiki nzima, pitieni ofisini kwao kabla ya siku ya safari, mlione gari na mkague mikanda ya viti vyote. Ofisi isiyofikika ni sababu tosha ya kuachana nao.

Sasa mama. Gede ni tambarare kwa jumla, lakini njia zina mizizi iliyoinuka, vizingiti na mawe yaliyolegea. Kivuli ni kingi, jambo jema, na Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, joto si kali kama la Februari. Avae viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza, na achukue fimbo hata kama nyumbani haitumii. Kuna jukwaa la kupanda juu ya mti ili kuyaona magofu kutoka angani. Hilo ni la watoto. Fort Jesus ina ngazi na miinuko zaidi, na mawe yake yamelainika kwa nyayo za watu, kwa hiyo goti litafanya kazi kubwa zaidi huko kuliko Gede.

Dawa za presha nazitaja kwa sababu nimeona jambo hili likijirudia kwa wazee. Baadhi ya dawa hizo huongeza mkojo, na mzee akijua atakaa garini huamua kimya kimya kutoimeza siku hiyo, au huacha kunywa maji. Yote mawili ni hatari kwenye joto la pwani. Badala yake pangeni vituo vya msalani na mmwambie mama mapema vilipo, ili asiwe na sababu ya kujibana. Kubadilisha saa ya kumeza dawa ni uamuzi wa daktari wake, si wangu wala wako. Mpeleke kliniki wiki mbili tatu kabla ya safari, apimwe presha, goti litazamwe, na muulize papo hapo kuhusu kinga ya malaria kwa nyote sita. Nakuru haina malaria kama Pwani, kwa hiyo miili yenu, hasa ya watoto, haina uzoefu nayo, na msitu wa Gede una mbu. Mtu yeyote akipata homa mkishakuwa Pwani, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme alikuwa Pwani. Na siku yenyewe, mama akisikia kifua kubana, kizunguzungu kisichokwisha akiketi, au maneno yakimponyoka, ziara imekwisha. Dereva aelekee hospitali iliyo karibu, mengine yatafuata.

Ningekuwa mimi ningepanga hivi. Fort Jesus na Mji wa Kale viondoke kabisa kwenye siku hiyo. Mko Nyali, daraja liko pale. Nendeni asubuhi nyingine kwa tuk-tuk au teksi, mchukue mwongozaji mlangoni, mrudi kabla ya jua kali. Ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, ikazingirwa na Waomani toka 1696 hadi 1698, kisha ikawa gereza wakati wa Waingereza, haifai kuonwa kwa dakika 40. Waulizeni pia kuhusu vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697.

Siku ya Gede ondokeni saa kumi na mbili na nusu, kabla barabara haijafunga. Mtafika asubuhi ingali mbichi. Kaeni mpaka mama aseme basi. Chakula kisiingie ndani, kwa sababu kima wa Gede hawaombi, wananyakua, na mwenye ndizi mkononi ndiye atakayekuwa kichekesho cha safari. Chakula cha mchana kiwe Watamu, mketi hasa, saa nzima au zaidi. Nguzo ya Vasco da Gama ningeiacha. Ina historia, Mreno huyo alifika Malindi 1498, lakini ni nguzo moja ufukweni na inawaongezea mwendo wa kwenda na kurudi. Mnarani, kule Kilifi, mwaweza kusimama kama bado mna nguvu, lakini ningetanguliza Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 na 15 pale Mtwapa. Uko njiani mkirudi, karibu na kwenu, na msikiti wake mmoja unatazama bahari. Upepo ni mzuri alasiri, na mama aweza kuketi huku watoto wakizunguka. Mtakuwa Nyali kabla ya giza, jambo ninalolitilia mkazo kwa sababu barabara ile usiku ina malori, bodaboda zisizo na taa, na sehemu za ujenzi.

Ipigie kampuni, waambie unataka vituo viwili tu, kuondoka mapema, na mwongozaji wa kuingia nanyi Gede, waandike upya bei. Kilomita zitapungua, na kama mwongozaji atatoka Gede kwenyewe gharama yake itapungua pia, kwa hiyo bei mpya haina budi kushuka. Waulize vilevile saa za ziada zinalipiwaje mkichelewa kwa hiari yenu, na kama chakula cha dereva ni juu yao au juu yenu. Bakshishi mtaamua wenyewe jioni, haidaiwi. Wakisema ratiba haibadiliki, basi hiyo si ziara binafsi, na kwa gari na dereva wa kukodi mtapata siku bora kuliko yao.